Safari za Malkia Wangu

Jumatatu, 20 Juni 1960. Butembo.
Nimeamua! Zimebaki siku kumi tupate uhuru, na mimi bado naanza sataranji kwa ufunguzi wa Kihispania, kama ulivyo katika kitabu alichokiacha Mbelgiji wa bureau yetu, ofisi ninakofanya ukarani. Aibu! Tangu leo nina ufunguzi wangu mwenyewe. Nimeuita Paluku, jina tunalompa kwetu mtoto wa kwanza wa kiume. Askari wa pembeni anasogea, kisha malkia anatoka mbio kutafuta vita. Jumapili nacheza na Idi, mwenye camion, lori la kubebea samaki. Mshindi atakwenda Beni siku ya uhuru kuiwakilisha Butembo. Nimekwisha kumwandikia baba mkwe kule Kayna kwamba anayekwenda ni mimi. Tangu harusi mzee Kasika ananiita mutu ya makaratasi. Ataona!

Jumatano, 22 Juni.
Mchezo wa majaribio na Idi. Paluku amekufa. Malkia alitekwa na farasi kabla sijawasha sigara. Idi alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akasema malkia wangu anapenda matembezi. Yeye anaanza vilevile mwaka wa pili sasa: askari wa mfalme, hatua mbili. Hana mawazo, maskini. Nimetunga Kambere, mtoto wa pili. Askari wa pembe ya pili, kisha malkia.

Ijumaa, 24 Juni.
Tulicheza Idi alipotoka msikitini. Kambere naye tumemzika. Donc, yaani, kosa si langu, ni la askari wa pembeni. Kanyere, mke wangu, alikuwa anachambua maharage karibu nasi. Akamwonyesha malkia kwa kidole, akaniambia, «Papa, ule mwanamuke umuache kwanza ku nyumba.» Nikamweleza kwa upole kwamba haya ni mambo ya kitabu. Akarudi kwenye maharage yake. Jioni barua kutoka Kayna: mzee anakuja Jumapili, na analeta mbuzi wa kumpongeza mshindi! Nimetunga Kasereka, mtoto wa tatu. Farasi kwanza, kisha malkia.

Jumapili, 26 Juni.
Siku gani hii! Baada ya misa watu walijaa barazani kwetu. Nikatoa farasi. Idi akakuna ndevu. Mkono wangu ulikuwa tayari unamwendea malkia, mara gari la Kayna likafika. Mzee Kasika akashuka, na mbuzi akakata kamba. Mbuzi wangu! Nikamkimbiza mpaka sokoni. Idi alikuwa na safari ya kuchukua samaki Kyavinyonge, kule ziwani, hakuweza kungoja. Wakakubaliana Kanyere, aliyekuwa akitutazama siku zote, anichezee. Niliporudi na mbuzi, matope mpaka magotini, Idi alikuwa amesimama. «Mama, umenishinda kabisa. Ni weye utaenda Beni.» Malkia hakuwa ametoka nyumbani ila mwishoni, kummaliza mfalme wa Idi. Mzee akamkumbatia binti yake. Mimi nikabaki na kamba. Niliona wivu, kama nusu saa hivi. Kisha nikamwona Kanyere akicheka na jirani zake. Miaka mingi sijamwona akicheka hivyo. Wivu ukaisha.

Alhamisi, 30 Juni. Beni.
Uhuru! Bendera, ngoma, pombe ya ndizi. Tumekuja wote kwa camion ya Idi. Kanyere amemshinda mwalimu Ananie wa Beni, ndani ya cercle, klabu ya Wazungu, ambamo mwezi uliopita tusingekanyaga hata mlangoni. Na alianza kwa farasi. Kasereka! Ufunguzi wangu! Nilimweleza kila mtu, wengine mara mbili. Mzee Kasika amenikatia paja la mbuzi, akaniita bwana ya Kanyere. Ni jina zuri kuliko la makaratasi. Nimeshiba, nina furaha.

Jumamosi, 2 Julai. Butembo.
Nimefikiri sana njiani, na nimeligundua kosa langu la zamani. Malkia alikuwa anachelewa kutoka! Nimetunga Kakule, mtoto wa nne: malkia anatangulia, farasi watamfuata wakiweza. Kanyere amesikia, akaguna tu. Idi anakuja kesho. Nimekwisha kumwandikia baba mkwe.