Kisiwa Nilichokigundua Mimi

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mwalimu Muzdalifa wa Kibiti amefika hapa Nyamisati. Anaandika kitabu kuhusu manowari ya Wajerumani iliyozama deltani mwaka 1915, anataka kupelekwa mahali penyewe. Atakayempeleka ataandikwa kitabuni. Watu wakamwelekeza kwa Mtoro, eti kazaliwa mikokoni. Kuzaliwa ni kazi? Mimi nimesoma riwaya tisa za mabaharia. Nikamweleza Mwalimu habari za dira, nyota na manahodha waliozunguka dunia. Kanichagua mimi. Mtoro akauliza kama najua maji yanatoka saa ngapi. Maji ya bahari yaende wapi?

Jumanne, 13 Mei

Nimeazima boti ya shemeji yangu Hemedy. Hakuuliza kama nimewahi kuendesha, nami si mtu wa maneno mengi. Tumeng'oa nanga saa moja asubuhi. Saa tatu mto ukatoweka. Boti imekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Mwalimu akauliza kama manowari ilizama hapa. Nikamwambia hapana, hapa ni sisi.

Ng'ambo nikaona ardhi. Hakuna kitabu kinachoitaja! Nikajikokota topeni mpaka kiunoni, kiatu kimoja kikabaki huko. Nikachomeka leso yangu mtini, nikakitangaza kwa jina langu: Kisiwa cha Mshamu. Kumbe juu ya dungu yupo mama anafukuza ndege wasile mpunga. Anaitwa Bi Sihaba. Akashuka taratibu.

"Mwanangu," akasema, "shamba hili kalifyeka bibi yangu. Wewe umeligundua leo?"

Wagunduzi wote walisumbuliwa na wenyeji. Huyu alitusumbua kwa wali na samaki wa kukaanga.

Maji yamerudi saa nane mchana. Mtoro naye kaja na mtumbwi wake kututafuta. Mwalimu akahamia humo, hata kuniaga hakuniaga.

Alhamisi, 15 Mei

Wamefika kwenye manowari. Mwalimu katuonyesha alichoandika. Mtoro katajwa mara nne, Bi Sihaba mara mbili. Mimi ni "mtu mmoja". Anaogopa kunisifu kupita kiasi. Hemedy analalamika injini imejaa tope. Nimempa pole.

Jumamosi, 17 Mei

Wageni sita wanataka kwenda Mafia. Nimewahakikishia njia naijua. Bahari kuu haina tope, sasa nitakosea wapi? Boti ipo, ila Hemedy hajaambiwa. Mmoja wao akauliza kama najua kuogelea. Nikamjibu nahodha haogelei, nahodha anaongoza. Wameridhika. Tunaondoka alfajiri.