Nani Atashika Megafoni ya Rwambuzi

Jumatano, 21 Juni 2006

Miami wamechukua kombe la basketi la Amerika. Redio imesema saa moja asubuhi. Saa moja na robo Marcellin, fundi wa redio, alikuwa amekwisha kusimama mbele ya kibanda chake, anawafundisha watu wa Rwambuzi, mtaa wetu wa Bunia, namna kombe linavyochukuliwa. Miwani ya jua usoni. Jua lenyewe limejificha mawinguni! Miwani hiyo aliinunua Kampala. Vita vyote alikaa Kampala, mbele ya televisheni, na sasa amerudi kwetu, eti mtaalamu wa basketi.

Mimi, Adolphe, mwalimu wa jiografia, sikukimbilia Kampala. Nilibaki hapa na megafoni ya parokia. Wenye bunduki walipopita nyumba kwa nyumba, niliificha ndani ya gunia la maharage. Mechi ya mwisho kabla ya vita niliitangaza mimi. Halafu majani yakaota kiwanjani, na kwa miaka sikuwa na cha kutangaza. Nasema wazi, kwa kuwa humu hakuna anayesoma: naipenda megafoni ile kuliko kitu chochote cha nyumba hii. Scholastique, mke wangu, anajua.

Sasa tarehe 30, sikukuu ya Uhuru wa Kongo, timu ya Mahagi inakuja kwa lori kucheza na vijana wetu. Miaka mitatu iliyopita nani angethubutu barabara ile? Mechi ya kwanza kubwa! Na nani atatangaza? Padri Athanase, ambaye ndiye anayetunza megafoni siku hizi, ameamua tushindane kwa maneno, mimi na Marcellin, Jumatano ijayo katika ukumbi wa parokia. Swali: katika fainali zote za Amerika, ni mchezaji gani, peke yake, aliyecheza mechi kubwa kuliko zote? Watu watanyosha mikono. Mshindi anashika megafoni.

Padri hajui basketi hata kidogo. Ameniuliza kama Lakers, timu ya Los Angeles, ni Waprotestanti.

Alhamisi, 22 Juni

Nimemchagua Magic Johnson wa Lakers, 1980. Ana miaka ishirini tu! Kareem, jitu lao la katikati, ameumia kifundo cha mguu, amebaki nyumbani Los Angeles. Magic, ambaye kazi yake ni kupanga mipira kule nje, anaingia katikati mahali pake, tena ugenini, Philadelphia. Pointi 42. Mipira 15 anadaka chini ya kikapu. Pasi 7. Kombe. Nani atajibu hilo?

Marcellin atamchukua Jordan, mechi ya mafua, aliyoicheza akiwa mgonjwa, 1997. Kila aliyepita Kampala anamchukua Jordan. Mafua! Wengine wanasema hayakuwa hata mafua, alikula kitu kibaya. Sisi sote tunakula vitu vibaya na tunakwenda kazini.

Lakini Jordan ni hatari, watu wanampenda. Nimefanya mpango. Nimemwambia Charlotte, mshonaji wa karibu na soko, kwa siri kubwa, kwamba Padri hampendi Jordan. Kumwambia Charlotte siri ni sawa na kushika megafoni. Saa nne habari ilikuwa imemfikia Marcellin. Mtu mwenye akili angeogopa na kumwacha Jordan. Yeye je? Amekwenda moja kwa moja kumwuliza Padri! Padri akamjibu kwamba hawezi kumchukia mtu ambaye hajapata kuonana naye, ila atamwombea.

Sasa Padri anamwombea Jordan. Kazi ya mikono yangu.

Jumamosi, 24 Juni

Siku mbaya. Nilipanda pikipiki kwenda Nyankunde kwa Assani, niliyesoma naye, anayeweka magazeti ya zamani ya michezo. Nilitaka picha ya Magic ili watu wa ukumbini, ambao kusikiliza kunawachosha, waone kwa macho.

Kwenye kizuizi askari walinishusha. Sajini akafungua daftari langu, si hili, lile la mashindano. Nilikuwa nimeandika kwa Kifaransa, kifupi kifupi: « Kareem blessé. Magic prend le centre. Tirs de près, tirs de loin. Philadelphie tombe. »

Yaani Kareem kaumia, Magic anashika katikati, tir za karibu, tir za mbali, Philadelphia inaanguka. Katika Kifaransa cha basketi, tir ni kurusha mpira kikapuni. Katika Kifaransa cha askari, tir ni risasi. Sajini alisoma mara tatu, midomo inacheza. Kisha akaniuliza: "Huyu Magic iko commandant wa group gani?"

Nilijibu kwamba ni Mwamerika. Mambo yakazidi kuharibika. Akataka kujua Philadelphie ni kanisa la mchungaji gani, na waumini wamekimbilia wapi. Nikacheka. Sikupaswa kucheka, lakini mtu mwenye elimu afanye nini? Wakanikalisha chini ya turubai kwa saa nne. Dereva wa pikipiki alikwenda zake bila hata kugeuka.

Mwishowe wakaniruhusu kumpigia simu mtu mmoja wa kunishuhudia. Katika Bunia nzima, nani anaweza kumweleza sajini basketi? Nilifikiri kwa muda mrefu. Jibu liliniudhi.

Marcellin alifika kwa pikipiki yake, mvua inaanza. Alichora kiwanja kwenye matope kwa kijiti. Alirusha kofia yake ndani ya ndoo, mara ya kwanza Magic wa mbali, mara ya pili Magic wa karibu. Askari wakapiga makofi. Sajini akauliza, kwa huruma kabisa, kama Kareem alipona. Habari zangu zote, kwa mdomo wa Marcellin! Nikaachiliwa.

Kurudi, mvua ikatupiga njia nzima. Alinivalisha koti lake la mvua, yeye akabaki na shati. Koti linanuka petroli. Sikumshukuru. Nilimwambia amekosea, pasi zilikuwa saba, yeye alisema nane. Na picha sikuipata.

Jumatano, 28 Juni

Ukumbi ulijaa. Nilitangulia. Nilisema dakika arobaini. Nilianza na mahali Philadelphia ilipo, mito yake, viwanda vyake, kwa maana mtu asiyejua mji ataelewaje mechi? Charlotte alisinzia katika viwanda. Nilipofika kwenye pointi 42, watu wa benchi la mwisho walikuwa nje.

Akasimama Marcellin. Bila miwani! Macho mekundu, sauti inatoka puani. Akaeleza Utah, mgonjwa anayetoa jasho, pointi 38, ushindi wa pointi mbili, mtu anayeangukia mikononi mwa mwenzake. Na kila baada ya pointi kumi anapiga chafya. Chafya za kweli, za kutikisa meza! Wamama wa chama cha sala walimwombolezea kama amekufa.

Nilinyosha mkono. Nikamweleza Padri kwamba mpinzani wangu ameugua kwa makusudi ili kupamba hoja yake. Padri akamwuliza ameyapata wapi mafua hayo. Marcellin akapiga chafya nyingine. Basi Scholastique, mke wangu wa ndoa ya kanisani, akajibu toka kwenye benchi:

"Alinyeshewa sababu ya bwana yangu. Koti yake iko ku nyumba yetu."

Mikono ikahesabiwa. Nilipata mitatu. Wa kwanza wangu. Wa pili wa mpishi wa Padri, ambaye hasikii vizuri. Wa tatu wa Marcellin mwenyewe! Alimpigia Magic kura mbele ya watu wote. Dharau ya namna gani hiyo?

Ijumaa, 30 Juni

Nitaandika upesi, nimalize.

Kiwanja kilijaa. Marcellin na megafoni, homa inampanda, anatangaza kila mpira. Mimi nilipewa chaki na ubao wa pointi. Chaki! Mimi!

Wakati wa mapumziko alikwenda kunywa maji, akaiacha megafoni kwenye kiti. Nilipita karibu kama mtu anayetafuta kifutio. Nikafungua kifuniko, nikatoa betri zote sita, nikazitia mfukoni mwa suruali. Padri angesema kifaa kimezeeka. Marcellin angebaki anafungua mdomo kama samaki. Nilirudi kwenye ubao wangu nikiwa na furaha, sifichi.

Marcellin akarudi. Akafungua mdomo, kweli, lakini kabla hata ya kubonyeza. Hakuna kitu. Sauti imekwisha. Akajishika koo. Akaangaza macho kiwanja kizima, kisha akaja mpaka kwenye ubao, mbele ya Padri, mbele ya watu wa Mahagi, akaiweka megafoni mikononi mwangu. Alinong'ona:

"Mwalimu, leo miye njo Kareem. Weye njo Magic. Kamata."

Neno likapita mdomo kwa mdomo, watu wakaelewa: yeye ndiye Kareem mgonjwa, mimi ndiye Magic wa kushika mahali pake. Walikuwa ukumbini, kumbe walisikiliza! Wakasimama, wakapiga makofi, wakaita jina langu. Adolphe! Adolphe! Miaka minane nimengojea kusikia hivyo. Macho yalinilowa, naandika kama yalivyo.

Niliinua megafoni. Nikabonyeza. Nikasema.

Kimya. Betri sita zinanigonga paja, na Rwambuzi yote inatazama mikono yangu. Ningezitoaje? Padri akaipiga megafoni makofi mawili, akaitikisa, akanirudishia. Nikatangaza kwa koo tupu. Dereva wa lori la Mahagi alikuwa anapiga honi kwa furaha, hakuna aliyesikia neno langu hata moja. Tulishinda kwa pointi mbili. Watu walijua kwa sababu niliandika ubaoni.

Niliona aibu. Basi.

Jumamosi, 1 Julai

Marcellin amelala na homa. Rwambuzi nzima inampelekea mchuzi. Charlotte anatembea akisema kwamba mechi ya mafua ya Rwambuzi imeipita ile ya Utah.

Scholastique alizipata betri alipokuwa anafua suruali. Alizipanga mezani kando ya chai yangu, sita, zimesimama mstari. Kisha akachukua koti la mvua na sufuria, akaenda kumwona mgonjwa.

Nimekaa mbele ya betri hizo asubuhi yote nikifikiri, na sasa nimeelewa. Ule ulikuwa mpango wake tangu mwanzo! Alinyeshewa kwa makusudi, akapoteza sauti kwa makusudi, akanipa megafoni ili niaibike. Mjanja sana mtu yule. Nguvu yake yote iko katika mafua. Na mafua si mali ya Marcellin peke yake.

Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tunakwenda kucheza Mahagi.

Mchana huu mvua imenyesha. Nimesimama uani saa nzima, kichwa wazi, shati moja. Scholastique amerudi, ameniona, amefunga dirisha. Bado sijapiga chafya hata moja.