Gia Mwendo wa Kobe

Jumanne, 4 Machi
Jua limekula kitambaa kingine dirishani. Upande mmoja bluu, upande wa pili kama maji ya kufulia. Mke wangu anataka kivuli kabla ya Ijumaa: mwalimu mkuu anakuja kuchagua vitambaa vya sare za shule nzima, na bila oda hiyo duka linafungwa. Akasema atamwita kaka yake, fundi wa kuchomelea. Nikamwambia shemeji ana kazi nyingi, tusimsumbue. Nimepata turubai la kukunjwa, mtumba lakini zima. Nimelifunga mwenyewe nje, juu ya dirisha. Halijaanguka!

Jumatano, 5 Machi
Kasoro moja: ni la polepole. Unazungusha mpini mpaka bega linauma, turubai limetoka shibiri. Asubuhi nzima niko juu ya ngazi nikilichunguza. Turubai linajiviringisha kwenye bomba. Mbele kuna fimbo ya chuma, imeshikwa na mikono miwili yenye viwiko, kama ya mtu. Ndani ya kiwiko, springi. Ajabu! Ya nini? Nimeamua: inavuta mikono irudi ndani. Basi anayechelewesha mambo ni gia ya mpini, skrubu nene inayosukuma gurudumu jino moja moja. Mwendo wa kobe! Shemeji kapita, kaniambia nisithubutu kuigusa hiyo. Wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Gia ya kobe nje. Mahali pake, mnyororo wa baiskeli ya binti yangu (hajui bado). Fimbo niliifunga kwa kamba kwanza, isinining'inie usoni. Kamba nitaifungua kesho mbele ya mgeni, kama uzinduzi.

Ijumaa, 7 Machi
Springi haivuti. Inasukuma!
Nilifungua kamba tu, turubai likaruka lote kwa mpigo. Mpini ukazunguka kama feni, ukanichapa kiganja. Fimbo ikaipeleka kofia ya mwalimu mkuu ng'ambo ya barabara. Akauliza, kwa upole kabisa, kama tunauza vitambaa au mitego. Mke wangu akakimbia kuifuata kofia. Mgeni kasema atarudi Jumatatu, mara ya mwisho, iwapo fundi wa kweli ataligusa turubai hilo kwanza. Hapo kwenye "wa kweli" alinitazama mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji karudisha gia ya kobe. Alicheka mpaka ikabidi ashuke ngazi. Kisha akanieleza kama mtoto: springi inasukuma nje muda wote, turubai linaizuia, ndiyo maana halilegei. Likikunjwa ndipo springi inabanwa zaidi. Gia ndiyo breki: mpini unazungusha bomba, bomba haliwezi kuzungusha mpini. Nikamuuliza kwa nini haliwezi. Akasema, haliwezi tu, shemeji, niache nifanye kazi. Yaani hajui!

Jumatatu, 10 Machi
Mke wangu kaenda kumpokea mwalimu mkuu kituoni. Kanikataza kugusa chochote isipokuwa ufagio. Nimefagia.
Lakini kwa nini haliwezi? Jibu limo ndani ya kisanduku cha gia, na kimefungwa kwa skrubu nne tu. Nikichungulia mara moja, nitamweleza mgeni mwenyewe, ajue fundi wa kweli ni nani. Hatari haipo: turubai limekunjwa, mikono imelala. Ningeogopa lingekuwa wazi.
Skrubu tatu zimetoka. Naona meno, yanaanza kuachana! Nawasikia barabarani wanakuja. Ngoja niitoe ya nne.