Wanaoitikia Benchi la Nyuma

Jumatatu, 5 Oktoba 2009

Amefika! Makao makuu ya chuo yamemtuma Philomena aje kutufundisha sisi wahadhiri namna ya kufundisha. Sisi! Philomena huyu nilimfundisha mwenyewe, binti wa wakulima wa Mbulu, alikuwa akikaa mbele na kuuliza maswali mpaka koo langu linakauka. Leo kaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha kaniambia kwamba Ijumaa ataketi nyuma ya darasa langu. Maoni yake ndiyo yatakayoamua kama mkataba wangu utaongezwa. Mkuu wa tawi alikuwa pembeni, anatikisa kichwa kukubali. Mnafiki.

Kaanza na shauri moja. Niache kuuliza "Tumeelewana?" kwa sababu darasa huitikia "Ndiyoo" hata kama nimefundisha upepo. Niulize swali la kweli, ninyamaze, nisubiri mtu ajibu. Ninyamaze! Nimeajiriwa kusema! Nchi hii haikuangushwa na wahadhiri wanaosema. Imeangushwa na semina.

Theodory wa ukumbi wa jirani anachekelea. Yeye hupanga viti duara, vijana wanabishana na kucheka. Hilo si darasa, ni kilabu cha pombe.

Jumanne, 6 Oktoba

Mazoezi ya siri, alasiri, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Ukumbi wangu ulikuwa ghala la mbaazi kabla chuo hakijaukodi. Huko nyuma hakuna dirisha na hakai mtu. Nikafunga mlango, maana upepo wa ziwani ulikuwa mkali. Nikatoa mhadhara wa Falsafa ya Elimu, mtamu kupindukia. Mwisho, kwa mazoea tu, nikauliza: Tumeelewana?

Ndiyoo.

Kwa pamoja, kwa nidhamu. Nikawashukuru, nikakusanya karatasi zangu, nikatoka. Nilikuwa nimeshapanda bajaji ya kurudi Nakwa nilipokumbuka kwamba mle ndani hamkuwa na mtu.

Nikashuka, nikarudi. Benchi tupu. Vumbi la juu yake halijaguswa. Theodory! Kawaficha vijana wake! Lakini mlinzi akasema Theodory yuko msibani Sigino tangu asubuhi.

Basi ni bati. Bati huvuma.

Jumatano, 7 Oktoba

Bati halikohoi. Leo, kwenye mazoezi, kuna aliyekohoa.

Nikaamua kuwapima hao wa nyuma. Nikauliza swali la kweli, kama anavyotaka Philomena: elimu ni ya nini? Nikanyamaza. Baridi ikapanda kutoka sakafuni. Mabenchi ya nyuma yakalia moja baada ya jingine, kama watu wanaojiweka sawa ili waseme jambo. Sikuvumilia. Nikajibu mwenyewe, kurasa nzima, kisha nikauliza kama tumeelewana. Ndiyoo, wakaitikia. Safari hii polepole, kama watu waliokata tamaa. Uvivu.

Baadaye Kindness, kiongozi wa darasa, kaja kuomba tuhamishiwe ukumbi mwingine. Anasema nikiwa nasomesha, wanasikia kalamu zikikwaruza nyuma yao, na pumzi shingoni. Nikamjibu kwamba kama huko nyuma wanaandika, basi wamewashinda wao wa mbele. Kaondoka bila kuaga. Kizazi!

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimepata mpango. Wanafunzi wangu hai ni wazito, wananikodolea macho tu. Wa nyuma wanaitika vizuri. Kesho nawabana hai mstari wa mbele, wale wa nyuma waitike kwa niaba yao. Philomena atasikia ukumbi ukinguruma!

Nikamdokeza mke wangu. Aikande akaacha kuchambua mboga. Akasema: Baba Calvin, anayekuitikia kila kitu bila kuuliza chochote, huyo ana shida au si mtu. Akasema yeye mwenyewe tangu tufunge ndoa namwuliza kama tumeelewana, anaitika ndiyo, na hata leo hajui tulielewana nini. Kisha akaniuliza nitakula ugali au wali.

Wanawake hawana mantiki.

Theodory kanipita getini, kaniita kaka, kaniambia amesikia darasa langu hujaa zaidi likiwa tupu. Wivu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Philomena akaketi nyuma, kwenye giza. Nikasomesha kama radi. Tumeelewana?

Wa mbele kimya. Kumbe asubuhi Philomena aliwaomba wawe wakweli! Lakini nyuma wakanguruma: Ndiyoo! Kindness akakishika kiti chake kwa mikono miwili. Na Philomena, nilimwona kwa macho yangu, mdomo wake nao ulifunguka ukaitika pamoja nao. Akauziba kwa kiganja.

Akaja mbele akitembea upande upande, asiwape mgongo. Akaninong'oneza, akinisihi: Mwalimu, waulize kama kuna wasichoelewa. Usiwajibie. Subiri.

Nikauliza, kwa ajili ya mkataba tu. Nikasubiri. Mchana ule ukumbi ukawa na rangi ya jioni. Mabenchi yakalia. Ndipo sauti moja, ya kijana, ya mtu ambaye hajasema siku nyingi, ikatoka kule kwenye giza. Ikasema, Mwalimu, hatukuelewa. Ikafuata nyingine, ya msichana. Hatukuelewa tangu mwanzo. Kisha wote, wakilia: rudia, Mwalimu, tutoke.

Philomena ananitazama, macho yamejaa machozi. Wote wananingoja mimi.

Nikatazama saa. Nikasema muda umekwisha, maswali mwisho wa muhula.

Wanafunzi hai wakatoka mbio, wengine kupitia dirishani. Philomena akabaki. Akasema mkataba utaongezwa kama nitakubali kitu kimoja: tufundishe pamoja, yeye na mimi, mpaka nijue kusikiliza. Akasema anawajua wale, ni walioitika bila kuelewa. Hata yeye, mwaka ule nilipomfundisha, kuna siku alichoka kuuliza, akaitika tu.

Mimi nifundishwe na mwanafunzi wangu! Nikakataa kwa Kiswahili fasaha.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mkataba hauongezwi. Kindness na wenzake wamehamia kwa Theodory, Philomena anamsaidia. Nimepita mlangoni pao. Viti duara, vyote vina watu, na bado sauti za kuuliza maswali zilikuwa nyingi kuliko watu. Philomena alikuwa anasema: rudia swali lako, tunakusikiliza, usiogope. Wakacheka, hai na wale wengine. Kisha sauti zikapungua taratibu, moja moja, kama watu wanaoaga.

Wezi! Wamenichukulia hata hao!

Nikaingia ghalani kwangu saa yangu ileile. Nikafungua karatasi zangu zilezile, nikaanza ukurasa wa kwanza. Nilisomesha vizuri kuliko siku zote. Tumeelewana?

Nilikuwa sijafungua kinywa tena. Jibu likatoka benchi la nyuma, kwa sauti yangu mwenyewe.

Ndiyoo.

Sauti safi, yenye nidhamu. Amebaki mmoja tu, lakini huyu ameelewa kila kitu.