Mwitaji wa Ndiva

Jumatatu, 6 Julai 1953. Myamba.
Bibi Afya wa misheni ametukusanya wazazi. Kasema watoto wasiachwe peke yao karibu na ndiva, maana bwawa tunalokingia maji ya mashamba lina kina kirefu kuliko tunavyodhani. Anataka lizungushiwe ua wa miiba. Jirani yangu Melkizedeki akadakia kwamba ataongoza msaragambo, kijiji kizima kikakate miiba. Kujipendekeza! Anautaka uenyekiti wa Kamati ya Watoto. Ataukosa. Miiba ya nini, mtu akiwa na akili?

Jumanne, 7 Julai.
Nimewangoja watoto nje ya kanisa. Nimewaambia ndivani anakaa Mwitaji. Hana uso. Huazima sauti ya mtu wako na kukuita kwa jina, hasa siku za ukungu. Ukiitika, umekwenda. Ukisikia unaitwa, ziba mdomo, jifiche. Rogathe, binti mdogo wa Koleta, akauliza, je, kama ni mama kweli? Nikamjibu kwamba hapo ndipo Mwitaji anapowapata wengi. Hata mimi nilisisimka. Na sijashika panga kukata hata mwiba mmoja!

Alhamisi, 9 Julai.
Ushindi. Hakuna mtoto anayesogelea ndiva. Kuna kasoro ndogo tu: hawaitiki popote. Susana kamwita mwanawe aje ale makande, mtoto akasimama nyuma ya mlango anamtazama, kimya. Jioni akina mama wanaita huku na huku mlimani, na hakuna sauti hata moja inayojibu. Haipendezi kusikiliza. Mke wangu Zipora kaniambia niwaeleze watoto ukweli. Nikifanya hivyo Melkizedeki atanicheka. Nimefunga dirisha.

Jumamosi, 11 Julai.
Ukungu mzito tangu asubuhi, hata migomba ya mlangoni haionekani. Rogathe alitumwa mboga, hakurudi. Koleta akaita. Tukatoka sote, tukaita kila upande. Kimya. Melkizedeki akazibua ndiva, maji yakaenda bure na zamu za watu za kumwagilia. Nilisimama ukingoni natazama matope yanavyojitokeza. Nilimwahidi Mungu mambo mengi. Mtoto hakuwamo. Zilikuwamo nyayo za mtu mzima, zinaelekea katikati. Za kurudi sikuziona. Nimeamua ni za Melkizedeki, ingawa alikuwa amesimama kando yangu.

Tulimpata Rogathe alasiri, karibu kabisa na tulipokuwa tunapigia kelele, chini ya majani makavu ya migomba. Mwili wa baridi, pindo la kanga kalijaza mdomoni. Alikuwa anatuona muda wote. Koleta alimbeba, akanigeukia. Hakunitukana.

“Baba Ernesta,” alisema, “mwanangu alinitazama nikilia, akaogopa kuniitika.”

Nililia mbele za watu, na sioni haya kuliandika. Baadaye Rogathe kamweleza mama yake kwamba wa kwanza kumwita, kabla ya wote, nilikuwa mimi. Nilimwita kutoka ndivani. Saa ile nilikuwa bado nimelala.

Jumatatu, 13 Julai.
Rogathe kanywa uji, homa imeshuka. Mungu ashukuriwe. Miiba inakatwa, Melkizedeki ndiye mwenyekiti, na watu wakinipita wanaangalia pembeni. Wivu. Nimetafakari sana na kosa nimeliona: mpango ulikuwa mzuri, ila haukuwa na neno la siri. Kila nyumba iwe na neno lake, anayeita alitaje kwanza. Mwitaji atalijuaje? Kesho nawangoja tena watoto nje ya kanisa. Bibi Afya akisikia atamnyang'anya uenyekiti yule mkata miiba, anipe mimi.

Zipora kateremka Same sokoni tangu alfajiri, si wa kurudi leo. Nje ukungu umeshuka tena.

Ajabu, huyo ananiita! Karudi mapema. Sauti inatoka upande wa ndiva, bila shaka mzigo umemwelemea.

Nimeitika. Anasema nishuke nimpokee.