YAH: Kurudisha Nyumba Iliyobakiza Awamu Moja

Kwako Mama Mwenye Nyumba, Chumba cha Nyuma,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, yaani upande wa pili wa ukuta huu, ambako nakusikia ukikohoa. Nakuandikia badala ya kugonga mlango kwa sababu kila nikija na jambo zito naishia kunyweshwa chai na kusahau nilichofuata.

Mama, nyumba hii nainunua kwako kwa awamu, na imebaki awamu moja. Mkataba unasema nikishailipa utanikabidhi hati na kuhama chumba cha nyuma siku hiyohiyo. Unasema pia kwamba mnunuzi akishindwa njiani, nyumba inarudi kwa muuzaji na alichokwisha kulipa kimeliwa. Baada ya kutafakari sana, kwa heshima na taadhima, naomba kushindwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlango wa mbele. Ulinifundisha kwamba haufunguki mpaka uunyanyue kwa goti huku ukizungusha ufunguo. Nimezoea vibaya. Wiki iliyopita niliupiga goti mlango wa benki, na mlinzi akataka kujua nia yangu.

2. Watoto wangu. Nikiwanyima kitu hunitazama kwa huruma, kisha huenda kukata rufaa kwa Bibi. Bibi ni wewe. Hukumu hutoka pamoja na sahani. Mama yao naye ni walewale. Tukigombana hufunga nguo zake, akasema anaondoka moja kwa moja, na safari yote inaishia chumbani kwako. Hurudi na wewe ukiwa wakili wake. Kesi zote nimeshindwa, na kinachoniuma ni kwamba zote nilistahili kushindwa.

3. Ule mwezi mkono wangu ulipovimba nikashindwa kushika mashine ya kunyolea, saluni ikafungwa, nilikuja kwako mikono mitupu nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa na majibu tayari, tena makali, nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja. Wewe ukautazama mkono, ukasema, "Kaa kwanza. Umekula?" Majibu yangu yote yakapotea bure. Jambo hili halimo popote kwenye mkataba, na mnunuzi ana haki ya kujua ameuziwa nini.

4. Jumatatu nimeona masufuria yako yamefungwa kwenye shuka. Mtoto wa dada yako, yule mwenye gari la mizigo, amekuja kupima kabati. Najua utasema kifungu cha kuhama nilikitaka mimi mwenyewe. Ni kweli. Wakili aliyetuandikia mkataba alisema si lazima, mimi nikakazania kiandikwe, tena kwa herufi kubwa, nikijiona mjanja. Wakati huo nilikuwa sikujui. Nilikuwa na ujuaji mwingi na akili kidogo, na kwenye saluni yangu hilo ndilo tatizo tunaloliona kwa wateja.

5. Kwa hiyo chukua nyumba yako. Nilizolipa ni zako, sidai hata senti. Sisi tutakuwa wapangaji. Ukitaka, tutahamia huko nyuma na wewe urudi mbele kwenye dirisha kubwa, uwe unatuangalia tunavyofagia vibaya. Kitu kimoja tu sikiwezi, nacho ni kukaa na hati mkononi huku nyuma ya ukuta hakuna anayekohoa.

Msalimie mtoto wa dada yako, umwambie gari lake halihitajiki. Watoto wanakusalimu, ingawa najua wako huko kwako muda huu wanakula.

Ni mimi, kwa unyenyekevu,
Kinyozi, mnunuzi aliyeshindwa kwa hiari

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaipitisha chini ya mlango wako. Ameniuliza kwa nini nisikifute tu kile kifungu cha kuhama. Imenibidi nikae chini. Kwa kweli hilo halikunijia kabisa. Basi, Mama, sijashindwa tena. Awamu ya mwisho imo humu kwenye bahasha, pamoja na nakala yangu ya mkataba. Kifungu nimekikata kwa kalamu na kutia sahihi pembeni, na wewe tia yako. Hati utaileta ukipata nafasi. Masufuria yafungue leo.