Asiyeandikwa Humu Hana Mwenyewe

Jumatatu, 4 Rajabu 1323

Leo naanza kuandika. Karatasi nimeipata dukani kwa Mhindi, ya kufungia sukari. Sisimizi wanaisoma kabla yangu. Si kitu. Mtu mwenye akili akikaa katika mji kama huu wa Nyamtende, lazima aweke ushahidi.

Mambo yenyewe ndiyo haya. Banda la soko limejaa watu. Wamatumbi, wamevuka mto kukimbia vita. Huko kwao milimani Wadachi wanachoma nyumba na maghala, na wale wa dawa ya maji wanamtaka kila mwanamume ashike mkuki. Hawa hawakutaka moto wala mkuki. Wamekuja na mikeka, kuku wawili, na watoto wasiotulia mtu akawahesabu. Nilijaribu. Wote pamoja ni mia na ushei.

Kila mtu mjini ana neno juu yao. Wapo wanaosema warudishwe ng'ambo. Wapo wanaosema hawa ni wageni wa Mungu. Hao wa pili wanasema hivyo huku wamefunga milango.

Baada ya alasiri Jumbe Abdulkarimu akatuita. Ana barua ya akida. Jumatatu ijayo akida anakuja na askari kukagua mji. Atakayekutwa hana nyumba, wala mwenye nyumba wa kumdhamini, atahesabiwa mwasi. Kamba shingoni, apelekwe pwani! Waliopelekwa pwani mwezi uliopita hajarudi hata mmoja. Jumbe akaikunja ile barua, nami nikajitia kutazama viatu vyangu.

Halafu akasema neno. Atakayetoa shauri la kuwaokoa watu hawa bila kuuvuruga mji, atapewa nyumba ya marehemu Huseni, karibu na msikiti. Vyumba viwili! Mlango wa mvule! Makuti mapya!

Nyumba! Mimi Mwinjuma, mtu wa miaka thelathini na minne, niliyesoma chuoni mpaka mwalimu akachoka, nalala barazani kwa dada yangu Mwamini. Kwa muda tu. Huu mwaka wa tatu.

Nilimweleza dada. Akasema yeye haoni tofauti yangu na watu wa bandani, isipokuwa wale asubuhi wanafagia. Wivu huo.

Jumanne, 5 Rajabu

Shauri nimelipata! Limenijia nikitawadha. Madungu!

Dungu ni kile kibanda cha juu ya miti tunachojenga shambani bondeni, tukae humo kuamia mpunga, ndege na nguruwe wasiumalize. Mpunga umekwisha vunwa. Madungu yako matupu, thelathini na zaidi. Dungu lina paa. Lina ngazi. Lina sakafu ya fito. Hiyo si nyumba? Na liko nje ya mji, mji hausumbuliwi. Nimejishangaa mwenyewe.

Barazani kwa Jumbe nikamkuta Kibwana, fundi wa makuti, mtu wa kujipendekeza tangu utotoni. Naye ana shauri lake. Eti watu wapakiwe mitumbwini wapelekwe visiwani, kwa wakata mikoko. Jumbe akamuuliza kama watu wa visiwani amewauliza. Hajawauliza! Kichwa maji.

Nikatoa langu. Kibwana akauliza tangu lini mtu akaishi dunguni na shamba halina hata punje. Nikamjibu tangu leo. Watu wakacheka. Jumbe akajikuna ndevu, akasema haya, tujaribu.

Dada aliposikia akaniuliza kwa nini kila nyumba isichukue jamaa moja, basi, kazi ikaisha. Maskini dada yangu. Nikamfahamisha kwamba jambo analoliweza kila mtu haliwezi kumpa mtu nyumba.

Jumatano, 6 Rajabu

Nimewahamisha watu. Kazi pevu! Wao walibeba mizigo, mimi nilibeba shauri.

Mkubwa wao ni bibi mmoja mfinyanzi, Bi Kijakazi, ana wajukuu wawili au watatu, hawasimami. Sisi na Wamatumbi ni watani, basi hakuniacha. Aliponiona tu akanivua kofia akaivaa. Akawauliza wenzake kama huyu ndiye jumbe au ni mchunga mbuzi wa jumbe. Nikang'ata meno. Mtani humkasirikii, huo ndio utaratibu, lakini kofia ile nilishonewa Mohoro.

Nikatoa amri mbili. Ya kwanza: kila dungu liwashwe moto chini, usiozimika, maana bondeni kuna simba. Ya pili: wapeane zamu ya kupiga kelele kama tunavyoamia mpunga, dungu hili likiita, la pili lipokee, mpaka mwisho wa bonde. Nani anakaa dunguni kimya? Sijawahi kuona.

Bi Kijakazi akaniuliza tunawafukuza ndege gani na shamba jeupe. Nikamwambia amri ni amri. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha ghafla, akawa anatazama ng'ambo, kule milimani kunakofuka moshi. Akasema mwanawe yuko huko. Mzima au si mzima, hajui.

Nilimwambia awashe moto.

Alhamisi, 7 Rajabu

Alfajiri nilisimama ukingoni nikaliangalia bonde. Moshi thelathini na tatu, umepangwa safu! Na sauti inatoka dungu mpaka dungu bila kukatika. Hapa nilikuwa nimeandika: "Kama jeshi, mashallah." Maneno hayo nimeyafuta.

Toba! Toba yarabi!

Adhuhuri shemeji yangu Mussa kaja kutoka Chumbi mbio, viatu mkononi. Chumbi nzima wanasema waasi wamepiga kambi bonde la Nyamtende. Mioto thelathini, na wanaimbiana nyimbo za vita. Habari imemfikia akida. Hangoji tena Jumatatu. Anakuja kesho, askari mara mbili, na ameapa wakiukuta moshi ule watapiga kwanza, kuuliza baadaye.

Nikakaa chini penye majivu. Watu mia na ushei, na mimi ndiye niliyewapanga safu!

Jumbe hakunifokea. Dada naye hakunifokea, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alijifunga kanga kiunoni akatoka, akapita mlango kwa mlango akiwaita wanawake wenzake, wakashuka bondeni. Wakaimwagia maji mioto yote. Kisha kila mmoja akamshika mkono mgeni wake akasema huyu wangu, hawa wangu, wewe na mama yako kwangu. Hawakugombana hata kidogo. Waume walikuta watu wamekwisha kaa. Magharibi haijafika, bonde tupu. Hata Kibwana amechukua watu saba. Saba! Mtu huyo hana haya.

Kitanda changu cha kamba cha barazani kapewa Bi Kijakazi. Nilipouliza mimi nilale wapi, dada alisema mtu mwenye mashauri hakosi pa kulala.

Nikapiga moyo konde. Nikamwendea Jumbe nikamwambia kilichobaki ni orodha. Akida anapenda karatasi. Nyumba ya fulani, mwenyewe fulani, wageni wake fulani na fulani. Jumbe akakubali. Bado nyumba ya Huseni haijapotea!

Nikazunguka mji mzima na kalamu. Kwa dada niliandika: Mussa, mkewe, watoto wao wanne, Bi Kijakazi na wajukuu. Wajukuu walikuwa wanafukuzana mlangoni, huyu anatoka, yule anaingia. Nikaandika watatu.

Mwisho kabisa nikatia maneno yangu mwenyewe, kwa hati ya kupinda: "Waliomo humu wana wenyewe. Asiyeandikwa humu hana mwenyewe, na mji haumjui." Jumbe akatia muhuri. Niliyasoma mara nne. Maneno mazito!

Ijumaa, 8 Rajabu

Naandika mkono ukiwa umevimba. Nitaeleza yote kama yalivyokuwa.

Walikuja jua likipanda. Kwanza walipita bondeni. Tulisikia mlio wa bunduki, mmoja. Mtoto wa jirani akaanza kulia, mama yake akamziba mdomo. Kumbe wamelipiga dungu tupu. Wakapanda mjini wakiwa na hasira, maana wamekuta majivu maji na hawakuona mtu.

Akida akaamuru kila mwenye nyumba asimame mlangoni na watu wake. Akaomba orodha. Nikampa kwa mikono miwili. Akaisoma mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na shaushi, mkubwa wa askari, nyuma yake na kamba begani. Kwa Kibwana wakahesabu saba, wakapatikana saba. Kwa mjane wa msikitini watano, wakapatikana watano. Jumbe alikuwa akitokwa na kijasho chembamba. Mimi nilianza kutabasamu. Nilikwisha kupanga jamvi litakaa wapi katika nyumba ya Huseni.

Tulipokaribia kwa dada akida akafika mwisho wa karatasi. Akayasoma yale maneno yangu kwa sauti. Akayasifu! Kisha akaniangalia. Akaniuliza mimi nyumba yangu ipi.

Nikaonyesha kwa dada. Akatazama karatasi. Mussa yumo. Mwamini yumo. Watoto wamo. Mwinjuma hayumo.

Nikamwambia mimi ndiye mwandishi. Akasema ndiyo, na mwandishi kaandika asiyemo humu hana mwenyewe. Nikasema nalala hapa barazani, mwaka wa tatu. Akauliza kitanda kipo wapi. Kitanda amekalia Bi Kijakazi.

Wallahi sijui kamba ilifika lini shingoni. Ni ya katani, inawasha. Mikono wakaifunga nyuma. Dada akapiga ukelele, akasema huyu ndugu yangu, tumbo moja. Shaushi akamwambia jana alikuwa na nafasi ya kumwandikisha. Jumbe alifungua mdomo, akakumbuka muhuri ni wake, akaufunga. Mia na ushei wameokoka, mimi peke yangu naenda pwani! Kwa hati yangu mwenyewe! Nililia. Siandiki uongo hapa, nililia mbele ya Kibwana.

Ndipo Bi Kijakazi akainuka kitandani. Taratibu, magoti yake mabovu. Akamwomba akida amsomee tena jina lake. Akasoma: Bi Kijakazi na wajukuu watatu. Akamwambia awahesabu. Wakahesabiwa. Wawili.

Shaushi akauliza wa tatu yuko wapi. Mimi nikafumba macho. Nimemtia na yeye kamba, nikafikiri.

Akasema wa tatu si ndiye huyo mliyemfunga?

Akida akaniangalia ndevu. Akauliza mjukuu huyu ana miaka mingapi. Bi Kijakazi akasema asidanganyike na kimo, mwili umekwenda mbele, akili bado iko njiani inakuja. Nimemlea kwa tabu, akasema, na mpaka leo hajui kuvaa kofia. Akaitoa kofia yangu kwenye upindo wa kaniki yake akanivika kichwani, kinyumenyume.

Shaushi ndiye aliyeanza kucheka. Halafu askari wote. Akida akaniuliza kama huyu ni bibi yangu kweli. Nikaangalia kamba. Nikasema ndiyo, bibi yangu. Akataka nimwamkie kama mtu anavyomwamkia bibi yake. Nikapiga magoti mchangani mbele ya mji mzima, nikasema shikamoo bibi. Akaitika marahaba, akaniambia nifute kamasi.

Wakanifungua. Adhuhuri wakaondoka. Hawakuchukua mtu hata mmoja.

Walipopotea njiani Bi Kijakazi alikaa chini ghafla, akaanza kutetemeka mwili mzima. Dada akamkumbatia. Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia kofia ameichafua.

Jumapili, 10 Rajabu

Nyumba ya Huseni imetoka. Jumbe kampa Bi Kijakazi, akae na jamaa wengine wawili. Alisema wazi msikitini kwamba shauri lililouokoa mji lilikuwa la Mwamini, na Mwamini nyumba anayo. Watu wakaitikia. Na madungu je? Nani aliwazoeza watu kuhama upesi? Hilo hakuna aliyelitaja.

Dada hataki kunirudisha barazani. Anasema karatasi ya serikali inanitambua kuwa mjukuu wa mtu, niende kwa bibi yangu. Nimekwenda. Nalala barazani kwa Huseni, nje ya ule mlango wa mvule. Kwa muda tu. Alfajiri nachota maji ya kukandia udongo, safari sita, na bibi anasimama ukingoni akitazama ng'ambo mpaka jua lipande. Habari za mwanawe bado. Sijui kwa nini nami huwa nasimama naye.

Lakini sikukaa bure. Nimepata shauri jipya, na hili halina kasoro. Mji wetu una aibu moja: wanaume wazima wanaolala kwenye baraza za watu. Leo wamepona, kesho akida akija tena? Nitamshauri Jumbe waandikwe wote, majina yao na baraza zao, wapelekwe bondeni wakakae madunguni, na msimamizi wao apewe nyumba mjini. Orodha nimekwisha kuiandika, kwa hati ya kupinda. Wako sita.

Nimemsomea Bi Kijakazi. Amenyanyua macho kwenye chungu chake akasema wanaolala barazani mji huu ni saba.

Nimemwambia hajui kuhesabu.